Mbwa Wangu, Shemeji Yangu na Mvua ya Wembere

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi, ng'ombe wa baba walikufa kwa ukame mpaka zizi likabaki kinyesi kikavu. Baba naye akawafuata kabla ya mvua nyingine. Nilitolewa darasa la tatu nikapelekwa kuchunga ng'ombe wa watu, na huko ndiko nilikojifunza kulala nje. Hakuna aliyeniuliza kama napenda. Kitanda changu kilikuwa ngozi ya mbuzi na mbwa wa tajiri: moto upande wa tumbo, mbwa upande wa mgongo. Yule mbwa alikuwa na chakula chake na mimi changu, ila tulikuwa tunachanganya, kwa sababu wote wawili hatukuwa tunashiba.

Naeleza haya mapema ili mtu asije akasema mzee huyu mambo ya mbwa kayaona kwenye simu.

Baada ya hapo nimefanya kazi nyingi na sina aibu na hata moja. Nimekamua alizeti kwa mkono, nikakamua kwa mashine ya kukodi, nikaja kukamua kwa mashine yangu hapa Issuna. Kusoma nasoma kwa shida, lakini mashine ikilia vibaya mimi najua ni wapi panapouma. Nilipojenga nyumba ya bati nilijiambia nimemaliza, sitalala nje tena mpaka wanizike.

Halafu siku moja wakasimama wageni pale barabarani, mume na mke, gari lao lina hema juu ya paa na mbwa anachungulia dirishani kama abiria aliyelipa. Waliomba maji. Nikawapa, nikalizunguka gari lao nikilikagua. Jiko, viti vya kukunja, sufuria, kila kitu. Jioni nikamwambia mke wangu, "Wale wanafanya kazi yangu ya utotoni, ila wao wana viti."

"Na wewe una viti," akasema. "Chukua kimoja uende."

Alidhani anatania. Mimi nikachukua.

Ndivyo nilivyoanza. Kila mwaka, alizeti ikishauzwa na kabla mvua haijashika, napakia hema, turubai, unga, sufuria na kiti kwenye pikapu yangu, naondoka siku chache. Majirani walisema mengi. "Mzee, una nyumba ya bati unakwenda kulala porini, mama kakufukuza?" Nikawajibu nyumba nimeijenga mimi, ruhusa ya kuikimbia ninayo.

Mbwa huyu ninayemsema hapa alikuja mwenyewe kwenye mashine, mdogo, mwekundu, sikio moja limechanika, akaanza kula mashudu, yale makapi ya alizeti iliyokamuliwa, kama kuku. Sijawahi kuona mbwa anayekula mashudu. Nikasema huyu ana njaa ya kweli, naijua, akae. Jina lake silitaji. Nilimpa jina la jirani niliyekuwa nimegombana naye mambo ya mpaka wa shamba. Jirani tumeshapatana, lakini mbwa hataki kuitika jina jingine, kwa hiyo jirani akiwa karibu nampigia mluzi tu.

Mwenzangu mwingine wa safari ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Anakaa Misigiri, ni Mwislamu, alifiwa na mkewe na watoto wameshatawanyika kutafuta maisha. Nampitia kila safari. Kuku wa njiani anachinja yeye, ndiyo desturi yetu huku, ili wote tule bila maswali. Na mbwa kwake ana mipaka, kwa kuwa mate ya mbwa kwa dini yake ni najisi: mbwa mkavu apite, mbwa mwenye mate akae mbali na nguo na vyombo vyake. Mbwa wangu aliijua mipaka hiyo, ila kila safari alikuwa anaisogeza kidogo.

"Shemeji, mwambie mwenzako akinilamba safari imeishia hapo."

"Hawezi kukulamba. Ana kinyaa."

"Kinyaa mbwa anayekula mashudu?"

"Mashudu ni safi."

Tunakwenda hivyo kutoka Misigiri mpaka tunateremka mlima Sekenke.

Mwaka jana, siku mbili kabla ya kuondoka, mke wangu alifua kila kitu changu. Mashati, suruali, blanketi, hata koti langu la safari ambalo nililikataza lisiguswe. Nikalalamika. Akanijibu, "Unapitia kwetu. Ukifika kwetu na koti lile watasema nimekufa na hawakuletewa taarifa." Kwa hilo hana kosa. Huku kwetu ukienda ukweni umechafuka, hawakuhukumu wewe, wanamhukumu binti yao. Nikaondoka nanukia sabuni kama mtoto wa ubatizo.

Tuliteremka Sekenke, tukaacha lami, tukaingia njia ya vumbi mpaka ukingo wa mbuga ya Wembere. Pale pana mgunga mmoja mpana nilioupenda tangu safari ya kwanza. Ukikaa chini yake unaona tambarare yote, nyasi za rangi ya simba, ng'ombe wa watu kwa mbali kama punje. Tukafunga turubai, tukasimamisha hema. Shemeji akachinja, mimi nikasonga ugali wa uwele, mbwa akakaa katikati yetu akigeuza shingo, huku na huku, kama hakimu wa baraza.

Jioni ya pili nikamwona shemeji anadondosha kipapatio chini.

"Kimekuponyoka?"

"Kimeniponyoka."

"Na jana ngozi ilikuponyoka."

"Mikono ya uzee, shemeji. Kula ugali wako."

Siku ya tatu mchana wingu likasimama upande wa Igunga, jeusi, na upepo ukaleta harufu ya udongo uliolowa. Mvua ilikuwa imewahi. Udongo wa Wembere ukikauka ni saruji, ukilowa ni uji. Gari likikutwa pale linakaa mpaka kiangazi kirudi, na wenye haja ya vyuma watakuwa wamelipunguza. Tukaanza kufungasha mbiombio. Ndipo ikapiga radi ya kwanza, karibu, ardhi ikatikisika.

Mbwa wangu haogopi fisi. Nimemwona kwa macho yangu amesimama mbele ya fisi, nywele zimesimama, hasogei. Lakini radi ni jambo jingine. Alitoka chini ya gari kama jiwe la kombeo, akakata nyasi kuelekea kusini, na tukabaki tunatazama nyasi zikifunga nyuma yake.

Niliita. Nilipiga mluzi. Nililitaja lile jina la jirani kwa sauti ambayo angeisikia akiwa nyumbani kwake. Hakuna. Upepo ulikuwa unanirudishia sauti mdomoni, na matone ya kwanza yakaanza kupiga bati la gari.

Shemeji akasema, "Gari hili ndilo linalobeba alizeti yako. Likizama hapa umerudi kuwa mchunga wa watu."

Alisema kweli, na nilimchukia kwa dakika ile. Pikapu ile nimeipata kwa jasho la mikono yangu. Lakini nilifikiria mgongo wangu ule wa utotoni na aliyekuwa anaupasha moto, nikaona nikiondoka bila kumwachia mbwa huyu njia ya kurudi, huko kijijini nitaendelea kuitwa mzee, lakini mwenyewe nitajua nilichofanya.

Wachungaji wa zamani tulikuwa na namna yetu. Mbwa akipotea na lazima uhame, unaacha nguo uliyoivaa siku nyingi pale alipokuona mara ya mwisho. Mbwa atazunguka, atarudi pale, atainusa, atalala juu yake. Atajua umesema nakuja. Nikavua koti. Nikalinusa mwenyewe. Sabuni. Nikanusa blanketi. Sabuni. Shati nililokuwa nalo mwilini nalo nilikuwa nimelibadilisha asubuhi ile ile na la jana nikalifua, maana kesho yake tungerudi Misigiri kula na wazee. Nilikuwa na nguo zote na sina hata moja yenye mimi ndani.

Shemeji alikuwa amesimama na sweta lake la kijani. Sweta hilo halifuliwi. Tangu afiwe nani amfulie? Linanuka moshi, tumbaku na mafuta ya kuku. Hata mimi ningelifuata kwa pua. Lakini sikumwomba. Nilijua mbwa aliyelowa akilala juu yake, kwake yeye itakuwa nini. Na nilijua pia ni nani aliyelifuma.

Akalitazama, akalivua. Akaniambia, "Usinitazame hivyo. Kuosha mate ya mbwa najua, mara saba, mojawapo kwa udongo, na udongo upo wa kutosha."

"Shemeji, hilo si la marehemu?"

"Marehemu alikuwa anawapa mbwa makombo mlangoni nami nagomba. Funga turubai, mvua hiyo."

Tulilikunja sweta chini ya mgunga, tukalifungia turubai chini chini juu yake, mawe pembeni, halafu nikaendesha. Matairi yalikuwa yanateleza kama nimepanda samaki. Shemeji alikuwa na fulana tu, anatetemeka, anasoma dua, na katikati ya dua ananielekeza: "Kushoto. Kushoto, shemeji, hilo ni shimo." Tukafika lami tukiwa tope mpaka kwenye kioo.

Pale chini ya mlima kuna mama anauza chai na mihogo kando ya barabara. Alitupokea, "Shikamooni babu zangu, mmetoka kuzimu?" Alimpa shemeji kanga ajifunike, akaturuhusu tuegeshe gari ubavuni mwa kibanda chake. Tulipomweleza kilichotuvunja moyo hakucheka. Alisema tu, "Mbwa ni mbwa, lakini kuachwa ni kuachwa," akaongeza chai. Usiku huo mvua ilinyesha na mimi nililala vibaya, sina zaidi la kusimulia.

Kulipopambazuka tuliteremka mbugani kwa miguu. Gari hata tusingelijaribu. Tulivua viatu tukavishika mkononi, tope likitumeza mpaka ugokoni, wazee wawili tumeshikana mabega, mmoja amevaa kanga ya maua. Mchungaji kijana tuliyepishana naye alitusalimia kwa adabu kubwa, kama mtu anavyosalimia wagonjwa. Kila nikitaka kuita nilikuwa naogopa kimya kitakachofuata.

Mgunga tuliuona kwa mbali. Turubai lilikuwa limelegea upande mmoja, maji yamesimama juu yake kama bwawa. Nikasimama. Shemeji akapita mbele yangu, akainama, akachungulia.

"Umelala vizuri kuliko sisi, mshenzi wewe," akasema.

Mkia ukaanza kupiga turubai kwa ndani.

Alikuwa amejikunja juu ya sweta lote, hakuacha hata mkono wa sweta nje. Alinitazama mimi kwa heshima, akamwendea shemeji. Akamlamba mkono. Shemeji hakuuvuta. Alikaa pale chini kwenye maji, mkono ukilambwa, akageuza uso upande wa mbuga kwa muda, na mimi nikajishughulisha na kamba za turubai.

Nilipotaka kulichukua sweta nimrudishie alisema, "Liwe lake sasa." Njia nzima ya kupanda mbwa alitembea nyuma ya visigino vya shemeji. Niliona wivu, sifichi.

Nyumbani mke wangu alilichukua koti moja kwa moja kwenye beseni. Nikamwambia liwepo moja lisilofuliwa. Akasema, "Kwa hiyo nikose heshima kwetu kwa ajili ya mbwa?" Jambo hilo bado tunalizungumza. Kaka yake amehamia kwetu tangu mwezi wa pili, chumba cha uani, na amekaa upande wa mbwa, kwa hiyo nadhani nitashinda.

Leo ninacho hiki: nyumba ya bati yenye vyumba vinne na kimoja cha uani. Mashine ya alizeti. Shamba la Issuna na kipande kingine Mwankoko. Pikapu, inawaka. Mbuzi, kuku, ng'ombe wawili wa maziwa. Hema moja, turubai moja lenye tundu, viti viwili vya safari. Mbwa mmoja.