Bibi Alipokula Papai Bichi

Usiku ule nililala mapema, maana hakukuwa na chakula cha kusubiri. Kimbunga kilikuwa kimepita, viazi vikuu vimeoza shambani, na mwamba wetu wa kuvulia umefungwa. Bibi yangu mzaa mama alipofariki, mjomba alichomeka mti ufukweni akaufunga kuti. Hapo havuliwi samaki wala haokotwi chaza mpaka marehemu alishwe kwa karamu ya viazi vikuu na nguruwe, naye awekewe fungu lake. Ndivyo tulivyo kisiwani kwetu, na kanisani tunakwenda vilevile. Mjomba mwenyewe ni mzee wa kanisa. Sasa viazi hakuna, nguruwe wamesombwa na maji, karamu itatoka wapi? Mwanangu ananyonya titi lisilotoa kitu, na samaki tunawaona wanaruka palepale mbele yetu. Ukimwuliza mjomba, anajibu, "Mama yangu hajala." Basi, yameisha. Nilikuwa nimemchukia, nasema kweli.

Basi usingizini nikamwona Bibi kanisani, benchi la mbele, nywele zinachuruzika maji. Sikushtuka. Mchungaji alikuwa anahubiri lakini sauti haitoki. Nikamwamkia Bibi, hakuitikia. Hata alipokuwa hai aliitikia akipenda. Nikakaa karibu naye, na benchi si benchi tena, ni jiwe la mwambani. Maji yamekupwa. Pweza anapita katikati ya miguu yangu, nami simgusi.

"Umeniletea nini?" ananiuliza.

Natazama mikono yangu. Nimeshika bakuli la papai bichi la kuchemsha, hata chumvi halina. Jamani, aibu iliyonishika! Mtu na heshima zake, ametoka huko kote kwa wafu, nimpe papai bichi?

"Bibi, hiki si chakula cha kukupa wewe."

Ananipokonya bakuli. Sasa tuko jikoni kwangu, mwanangu amelala mgongoni kwake, naye anakula taratibu bila kunitazama. Anamaliza, analamba vidole.

"Nimeshiba," anasema. "Kamwambie mwanangu."

Nikaamka. Mtoto alikuwa analia kile kilio cha chini cha mtoto aliyechoka. Sikufurahi wala sikuogopa. Nilimbeba tu, nikaenda kwa mjomba kunakucha, nikamkuta amekaa mbele ya moto usio na chungu. Nikamweleza yote kama nilivyoyaona.

"Mwenye njaa haoti kitu kingine ila chakula," akasema mjomba. "Na wewe mpwa wangu una mtoto mchanga. Nitajuaje kama hukuitunga ndoto hiyo?"

"Sijui, mjomba. Mimi nimetumwa tu."

"Haya. Alikula nini?"

Nilitamani kusema kingine. "Papai bichi. Halina hata chumvi."

Akachokoa majivu kwa kijiti. Nikadhani amekasirika, nikaanza kugeuka niondoke.

"Ungekuwa unanidanganya," akasema, "ungempa nguruwe."

Alijifuta uso kwa kiganja, akachukua panga, akateremka ufukweni kulikata lile kuti. Nikamfuata na mtoto wangu.