Treni ya LaVell Egbert na Ndege Isiyokuja

LaVell Egbert hakujua kutulia. Hata kanisani goti lake lilichezacheza mpaka benchi zima linatetemeka. Tulichunga kondoo pamoja kaskazini mwa mji wa Idaho Falls, Marekani, hadi serikali ilipozungusha uzio kwenye malisho yetu. Humo, walisema, itatengenezwa injini ya nyuklia ya ndege itakayokaa angani wiki nzima bila kuongeza mafuta. Mimi niliwalaani. LaVell akaomba kazi.

Walimpa kichwa cha treni chenye kuta nene za madini ya risasi, za kuzuia mionzi ya nyuklia. Akawa anaivuta ile injini ya ndege hadi mahali pa kuijaribu, kisha anairudisha ikiwa imejaa mionzi.

"Ndege gani hiyo inayokokotwa na treni?" nilimtania.

"Cheka tu, mchunga kondoo we! Siku ikienda kufungwa kwenye ndege, mimi ndiye nitakayeipeleka."

Hilo tu ndilo alilolitaka duniani.

Kila mfanyakazi alivaa beji ya kupimia mionzi kifuani. Ikifika kiwango cha hatari, unaondolewa kazini kwako na kupewa ufagio. LaVell akawa anaiacha beji kwenye koti, katika chumba cha kubadilishia nguo, isije ikafika kiwango. Wenzake walifanya hivyo pia, ila siku mojamoja. Yeye, kwa pupa yake, aliiacha miezi mitatu mfululizo.

Mpimaji wa beji, Pruitt, muumini mwenzetu kanisani, akamwita.

"Ndugu Egbert, beji yako ni safi kuliko ya mpishi wa kantini."

"Mimi naoga sana, Ndugu Pruitt."

"Na hiyo treni ulikuwa ukiiendesha ukiwa bafuni?"

 Goti la LaVell likaanza kucheza.

Akapewa ufagio katika banda kubwa lililojengwa kuingizia ndege ile. Banda lilikuwa tupu.

"Nifagie mpaka lini?" alimuuliza msimamizi.

"Mpaka ndege ije!" Watu wakaangua kicheko.

Mwaka 1961 mradi ukafutwa kwa barua moja. Injini haikuondoka relini hata siku moja. LaVell alinijia asubuhi hiyo, akizunguka uani kwangu, hataki kiti.

"Angalau," alisema, "hakuna mwingine aliyeipeleka."

"Basi tununue kondoo, turudi kuchunga."

Akasimama, akanitazama kana kwamba mimi ni mwendawazimu.

"Tukawalishe wapi?"

 Uzio ulikuwa palepale. Upo hata leo.