Harufu ya Ndizi Mbivu

Kazini walimwita Ndizi Mbivu, wala hakuchukia. Kiwanda kilitengeneza sabuni na shampuu, naye alikuwa kwenye chumba cha kuchanganyia, akimimina harufu kutoka kwenye dumu kuitia kwenye pipa kubwa la kukorogea. Zamani harufu ilikuwa ya limau. Kisha meneja akaleta shampuu mpya ya watoto, ya rangi ya manjano, inayonukia ndizi iliyoiva mpaka ganda likapasuka. Mwanzoni ilimkaba kooni na kichwa kikawa kinamgonga. Akauliza kama ina madhara.

"Hii hii imo kwenye peremende unazowanunulia watoto," meneja alimjibu, bila ubaya wowote. "Usiinywe kwenye dumu, usiwashe kiberiti karibu nayo, na fungua dirisha."

Alisema kweli, naye dirisha akalifungua. Baada ya muda kichwa kikatulia na pua ikazoea. Huko kuzoea ndiko kulikokuja kumponza, maana harufu usiyoisikia huidhani haipo.

Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, leo huku kesho kule, kwa hiyo nyumbani alishinda na baba mkwe wake. Mzee alikuwa seremala, na alipoacha useremala akabaki na mizinga yake ya nyuki nyuma ya nyumba, pembeni mwa uzio. Aliifungua mikono mitupu, bila wavu usoni, kwa moshi kidogo na maneno ya taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto aliyegoma kulala. "Nyuki hana neno na mtu," alipenda kusema. "Mwenye neno ni mtu."

Wa kwanza kuleta habari mbaya walikuwa nyuki wenyewe, kwenye kamba ya nguo. Mkwewe alikuwa ameanika ovaroli yake ya kazini, akawaona wanaizunguka. Hawakutua kama watuavyo kwenye ua. Walikuja kwa kasi, wakaigonga kola na kurudi nyuma, kisha wakaigonga tena. Alipoianua alikuta miiba imeganda kwenye kitambaa. Siku nyingine alidungwa shingoni kabla hajafunga geti la nyuma. Halafu mbwa wa jirani, aliyezoea kumpokea kwa kumrukia, akakimbia analia huku pua imevimba.

"Nyuki wa mzee wameota pembe," alisema yule jirani, fundi cherehani, akiwa mlangoni kwake.

Wenzake kazini walicheka alipowasimulia. "Watu wanafuata nyuki wale asali, wewe nyuki ndio wanakufuata!" Akacheka nao, lakini aliporudi nyumbani jioni ile alizunguka njia ya mbele, asipite karibu na mizinga.

Mzee naye alikuwa hana raha. Alihisi malkia amebadilika, ameingiza damu ya ukali kwenye kundi. Akasema ataufungua mzinga mkubwa, atazame sega moja baada ya jingine.

Siku aliyoufungua, dumu lilimteleza mkwewe kule kiwandani. Harufu ikamlowesha kuanzia kifuani hadi magotini, macho yakamchonyota. Msimamizi akamwambia nenda nyumbani ukaoge, ubadilishe nguo. Njiani watu waligeuka wakitabasamu. Mama mmoja alimuuliza anajipaka mafuta gani mazuri hivyo.

Alipoingia geti la nyuma, upepo ulikuwa unamsukuma mgongoni. Mzee alikuwa ameinama juu ya mzinga ulio wazi, sega mkononi.

"Baba, nimerudi mapema. Nimemwagikiwa na dawa."

"Pole, mama. Maji yapo kwenye ndoo," mzee alijibu bila kugeuka.

Kisha mvumo ukabadilika. Ulikuwa wa chini, wa kusinzia. Ukapanda ukawa mkali na wa sauti moja. Mzee aliinua kichwa.

"Simama hapo hapo," alisema polepole. "Usije."

Lakini nyuki walikuwa wameshatoka. Mzee alidondosha sega, akafunika uso kwa mikono, na mikono ile ikageuka kahawia kwa nyuki. Mkwewe akamkimbilia, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Akamshika kiunoni amburute ndani, na kadiri alivyombana ndivyo walivyozidi kumiminika. Hapo ndipo akaona kwamba nyuki hawamtafuti mzee. Wanalenga kifua chake yeye, pale palipolowa, na mzee yuko katikati.

Akamwachia. Mzee akaanguka chini, naye akatimua mbio kuelekea mtaroni, anaichana ovaroli huku anakimbia. Wingu la nyuki likamfuata. Aliitupa nguo mtaroni, akajifungia kwenye bafu la nje la jirani na kujimwagia maji mpaka pipa likaisha. Fundi cherehani, aliyeona yote juu ya ukuta, alijifunika blanketi akamvuta mzee ndani.

Hospitalini mzee alilala hajitambui. Wifi yake alipofika hakumsalimu.

"Jirani ameona. Ulimtupa baba chini ukakimbia."

Hata yeye alijiona hivyo, kila alipofumba macho.

Afisa wa nyuki alikuja kukagua mizinga. Alikuwa mwanamke mpole, na swali lake la kwanza kwa mkwe wa mzee lilikuwa anafanya kazi gani. Alipoambiwa, aliuacha mzinga aliokuwa akiukagua.

"Nyuki akidunga huachia harufu ya kuwaita wenzake wapigane," alisema. "Puani kwetu inafanana na ndizi mbivu. Hiyo mnayomimina ni hiyo hiyo."

"Kwa hiyo meneja alinidanganya?"

"Hapana. Kwenye peremende, au tone ndani ya chupa ya shampuu, haina neno. Wewe uliileta nguo nzima mbele ya mzinga ulio wazi. Na hizo siku nyingine zote ulikuwa unawaita kidogo kidogo."

Mzee alipozinduka, jicho moja halikufunguka. Alisikiliza maelezo yale mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Kikulacho ki nguoni mwako," akataka kucheka, kikohozi kikamzidi. Kilipotulia akamgeukia binti yake. "Mkwe wangu angenikumbatia, leo mngekuwa makaburini." Wifi aliinamisha uso. Kesho yake alileta chupa ya chai na vikombe viwili.

Meneja alipoelezwa hakubisha. Alijenga bafu, akaagiza ovaroli zifuliwe kiwandani. Shampuu ya manjano iliendelea kupakiwa kwenye malori. Pumzi ya mzee haikurudi ilivyokuwa, hata kupanda ngazi za barazani alipumzika katikati.

Watu walipokuja kuihamisha mizinga, ule mkubwa waliukuta mtupu. Kundi lilikuwa limehama. Mzee aliwauliza majirani wote kama kuna dari au mti uliopata wageni. Hakuna aliyejua.

Sasa mkwewe anajisugua kazini kabla ya kutoka, lakini pua yake haimwambii kitu. Hupita kwanza kwa fundi cherehani, akainamisha kichwa anuswe nywele.

"Imeisha?"

"Bado, dada. Ipo kidogo."

Basi husimama pale mlangoni, akitazama juu ya mapaa, akisubiri.