Karatasi Kwenye Tundu la Kaseti

Kasense nzima walimwita Alois "Mzee Halisi". Tangu biashara ilipoachwa huria na maduka ya Sumbawanga kujaa betri zinazovuja na majembe yanayopinda yakigusa udongo, yeye hakununua kitu bila kukigeuzageuza na kuuliza, "Hii ni halisi?" Wauzaji walimcheka. Mkewe Salome alimcheka zaidi. "Hata mimi alinigeuzageuza kwanza," aliwaambia wanakwaya wenzake, "ndipo akapeleka posa."

Salome ndiye aliyekuwa mwanzishaji wa nyimbo katika kwaya ya parokia. Hata shambani, watu wakifukia majani kwenye matuta yaoze yawe mbolea, sauti yake ilitangulia majembe. Kabla kwaya haijasafiri kwenda Mbeya kurekodi, Alois aliinasa mazoezini kwa redio yake ya kaseti. Kisha akakivunja kijino cha nyuma ya kaseti ile, mtu asije akarekodi juu yake.

Homa ilimchukua Salome kabla CD haijatoka. Ilipotoka, Marselino, mwenyekiti wa kwaya, alisimama baada ya misa akasema, "Anayenunua nakala za wizi anakula jasho letu. Nunueni halisi!" Alois alikuwa wa kwanza kununua, ingawa hakuwa na mashine ya kuipigia.

Misa ya kutimiza mwaka tangu Salome afariki ilikuwa ifanyike kwao, kijijini nje ya Laela. Mama yake, Bibi Bertilla, ambaye macho yalishazima, alikuwa ametuma neno: "Mkwe wangu, niletee sauti ya mwanangu." Kule umeme hakuna; ni redio yake ya kaseti tu, kwa betri, ingeweza kupiga. Kwa hiyo siku moja kabla ya safari, Alois alikwenda kwa Isdori, fundi wa kurekodi karibu na stendi.

"Shikamoo, Mzee Halisi! Leo na wewe umekuja kwenye nakala?"

"Marahaba. Changu nimekinunua. Nakitoa mfuko huu nakitia mfuko ule. Huo nao ni wizi?"

Isdori alicheka, akamtolea kaseti mpya. Alois akaigeuzageuza. "Utepe wa hii utaliwa na redio kabla hatujafika Amina." Akachomoa kaseti ya mazoezi kutoka kwenye koti. "Tumia hii. Hii ni halisi."

"Si ina kitu ndani?"

"Mazoezi tu. Mbwa wanabweka, watu wanakohoa. Sauti iliyosafishwa imo kwenye CD."

Kwa mkono wake mwenyewe alikunja karatasi, akaisokomeza kwenye tundu la kijino kilichovunjwa, ili kaseti ikubali kurekodiwa tena.

Deki ikaimeza CD, namba zikaanza kutembea. Isdori akabonyeza kurekodi. Spika alikuwa amezizima kwa heshima, maana jirani yake alikuwa na msiba. Wakatoka kunywa chai.

Waliporudi, utepe ulikuwa umebakia kidogo kuisha. Isdori akavaa hedifoni, mara akazima kila kitu. Akarudisha nyuma, akasikiliza. Akarudisha tena.

"Mzee, hakuna kitu. Namba zinatembea, sauti haitoki."

Akaijaribu CD kwenye kompyuta, nayo ikaikataa. Ndipo akausogeza mkebe wa CD karibu na macho, akasoma maandishi madogo kama punje za ulezi. "Wameiwekea kufuli isinakiliwe. Wanasema mashine nyingine huenda zisiipige. Hizi deki zetu za Kichina haziiwezi."

"Kufuli! Mimi ni mwizi?"

"Mwizi atatafuta mtu wa kuivunja, mzee. Aliyenaswa ni wewe uliyelipa."

"Na mazoezi?"

Isdori aliitazama ile karatasi kwenye tundu, akamrudishia kaseti. "Yamefutika."

Njia nzima kurudi Kasense Alois aliwaka. Watu wa mbali wasiomjua walimshuku, wakamuuzia sauti ya mkewe, kisha wakabaki na ufunguo! Lakini kila hasira ilipopanda, iliifikia ile karatasi, ikakwama hapo. Karatasi hakuiweka mtu wa kampuni.

Kesho yake, baada ya misa, alisimama nje ya mlango wa Bibi Bertilla, macho chini, kama mkwe anavyopaswa mbele ya mama mkwe. Akaeleza yote, hakupunguza neno.

Bibi alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Iwashe hivyo hivyo, baba."

Redio ikavuma kama upepo wa uwandani. Watu wakavumilia, wengine wakakohoa. Mwishoni kabisa, pale Isdori alipozima, kipande cha mazoezi kilichobakia kikaanza: mbwa akabweka ghafla. Kisha Salome, bila kuimba: "Alois, zima hiyo, unamaliza betri!" Kukawa kimya. Siku ile ya mazoezi Alois alikuwa ametii, akazima.

Bibi alicheka, akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Ndiye huyo. Hakuimba?"

"Aliimba, mama. Aliimba jioni nzima."

"Irudishe."

Alois akaitoa kaseti, akachomoa ile karatasi kwenye tundu. Kisha akaitia tena redioni, akaurudisha utepe nyuma, taratibu, hadi pale mbwa alipoanza kubweka.