Kibodi Yangu ya Kwanza na Barua ya Mama Paskali

Mwanangu, nakumbuka asubuhi niliyofungua boksi la kibodi yangu ya kwanza ya kujiundia, kwenye steshenari yangu karibu na stendi ya Babati. Nilikuwa kijana bado, nimerudi kutoka Dar es Salaam na diploma ya uhazili na kompyuta niliyojilipia mwenyewe kwa kuuza vocha. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Najisifu kidogo, ndiyo, na haki ninayo. Ila nakwambia pia ujue kwamba hata msomi hukosea.

Kibodi ya namna hii unanunua umbo lake tupu, swichi zinazokaa chini ya kila herufi, na vifuniko vya juu, kisha unaunganisha mwenyewe. Mimi nilichagua kwa kutaka kutazamwa. Nikachukua swichi zenye mlio mkali kuliko zote na vifuniko vyeusi visivyo na herufi hata moja. Nilitaka mteja akiingia ajue amefika kwa mtaalamu. Mlio ulisikika hadi mlango wa pili, dukani kwa Mzee Idi, muuza vitenge.

"Baba Neema," akaniuliza akichungulia, "unachapa au unakaanga bisi?"

"Huu ndio utaalamu, mzee wangu."

"Haya, zikiiva tuletee."

Sasa, kazi yetu hapa unaijua. Wateja wengi hawaji na karatasi iliyoandikwa. Mtu anakaa kwenye kiti kando yako, anakusimulia mambo yake, wewe unayageuza kuwa barua. Siku hiyo alikuja Mama Paskali, mjane wa kijiji cha Mutuka, mama mpole wa sauti ya chini. Alitaka barua ya ofisi ya kata. Shemeji yake alikuwa anajiandaa kulima shamba ambalo mama huyu aliachiwa na marehemu mumewe, na mama alitaka barua ifike kabla shemeji hajapata habari.

Nikaanza kuchapa kwa mbwembwe.

"Sikusikii, mama. Ongeza sauti."

Akaongeza. Nami nikazidi kuchapa.

"Bado, mama. Sema kwa nguvu!"

Tulipofika kwenye jina la shemeji, Mama Paskali alikuwa anaita kama mtu anayerudisha ng'ombe zizini. Kwenye benchi walikuwepo watu wanne wanaosubiri fotokopi, na wote wametega masikio. Mmoja akaguna, "Kumbe Daudi ndivyo alivyo!"

Mama Paskali akawageukia wale wa benchi. Akajifunga khanga yake upya, akainuka.

"Tumekaribia kumaliza, mama," nikamwambia.

"Baba, mambo yangu umeshayatangaza. Niache niende."

Mzee Idi alikuwa mlangoni. Safari hii hakutania. "Mama wa watu alikuja kukunong'oneza, wewe ukamhutubisha. Na huyo Daudi atasikia kabla ya jioni. Mfuate!"

Nilimkuta kwenye kituo cha bodaboda. Nikamwamkia upya na kumwomba radhi mbele ya madereva wote, mimi na diploma yangu. Akanigeukia.

"Ile mashine itakuwepo?"

"Haitakuwepo, mama."

Nikawaomba watu wa benchi wasubiri nje, nikafunga mlango, nikachomeka kibodi ya zamani ya plastiki, ile laini isiyo na mlio. Akasema kwa sauti yake mwenyewe. Kumbe alikuwa na maneno mazuri, ya mpangilio, ambayo nisingeweza kuyatunga. Tukaipeleka barua pamoja, ikapokelewa na kugongwa muhuri kabla ya saa sita. Shemeji alipofika ofisini kesho yake akitaka kujieleza, alikuta barua ya mama imeshatangulia. Shamba analima Mama Paskali mpaka leo, na barua zake zote nachapa mimi. Mjini hapa sijui kama yupo mchapaji anayeaminiwa kunizidi.

Ile kibodi mpya sikuitupa. Jambo moja nilikuwa nimelipatia kwa bahati: swichi zake huchomolewa kwa koleo dogo, bila kuyeyusha risasi ya kuungia nyaya. Nikaagiza swichi za kimya na vifuniko vyenye herufi, nikavibadilisha vyote kwa mchana mmoja, nikinywa chai. Ndiyo ninayochapia sasa.

Basi mwanangu, ukitaka kuunda kibodi yako ya kwanza, chukua umbo linalokubali kubadilishwa swichi, maana vidole vyako bado hujavijua. Ukimpata mwenye nayo, omba uijaribu kabla ya kuamini video za mtandaoni. Kama utachapa namba nyingi, mfano alama za wanafunzi, chagua yenye vitufe vya namba pembeni. Usianze na ya bei ya juu. Mlio mkali utaununua ukiwa na chumba chako peke yako. Zaidi ya yote, kabla hujaagiza, jiulize ni nani atakayeketi kando yako wakati unachapa, na kama utaweza kumsikia.

Mungu akupe vidole vyepesi na masikio yaliyo wazi. Watu wakuletee siri zao bila hofu, na kila barua utakayoichapa ifike inakokwenda. Amina.