Moyo wa Mbwa wa Jirani

Katika jengo la fleti nililokaa Hyattsville, jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa mzee wa Kikongo, mtu wa Bukavu. Alifika Marekani na mkewe baada ya miaka mingi katika kambi ya wakimbizi, na mkewe alikuwa ameshafariki nilipohamia pale. Kazi yake ilikuwa ushonaji. Cherehani aliiweka sebuleni, karibu na dirisha linalotazama maegesho ya magari, na kila niliporudi kazini nilimwona ameiinamia, na miguuni pake amelala mbwa mweupe, mdogo wa umbo, mwenye manyoya ya kujisokota.

Mbwa yule hakuwa wake. Binti yake anayekaa Oxon Hill alimchukua kwa ajili ya watoto wake wawili, kisha yule mdogo akapatwa na pumu, ikabidi mbwa atolewe nyumbani. Wakaona wasimpe mtu baki, wakampeleka kwa babu. Tangu hapo ikawa kila Jumapili, wakitoka kanisani, watoto wanaletwa kumwona mbwa wao. Walikaa naye nje kwenye nyasi, mzee akivuta kiti karibu yao. Kiswahili cha babu yao walikielewa ila walijibu kwa Kiingereza, lugha ambayo yeye hakuiweza. Mbwa akiwa katikati yao, hapakuwa na haja ya maneno mengi. Atarusha mpira huyu, atacheka yule, na mzee atacheka pamoja nao.

Mimi ni Mwislamu wa Tanga. Kwetu mbwa ni wa kulinda, hulala nje, na akikugusa ana maji una kazi ya kujitwaharisha. Mwanzoni nilikuwa nikipita pale koridoni nashika pindo la baibui. Mzee aliliona hilo siku ya kwanza. Tangu siku hiyo akiniona naja alimfupishia mbwa kamba, akasimama ukutani mpaka nipite. Urafiki wetu ulianzia hapo. Nilimwita Papa, kama walivyomwita Wakongo wote wa jengo lile, naye aliniita mama, ingawa angeweza kunizaa. Kiswahili chake na changu viligongana mara nyingi. Maji yeye aliyaita mayi. Moyo, huu unaodunda kifuani, aliuita roho, na mara ya kwanza aliponiambia roho ya mkewe ilisimama akiwa jikoni, nilichelewa kuelewa.

Majira ya baridi fulani mbwa akaanza kukohoa. Mzee alidhani ni baridi, akamshonea koti la kitambaa cha sufu lenye vifungo mgongoni. Kikohozi hakikuacha. Halafu mbwa akawa hataki kulala ubavu. Atajaribu, atainuka, atakaa kitako ametanua miguu ya mbele, shingo ameinyoosha, mbavu zikienda mbio. Binti yake alikuwa zamu ya mchana kwenye ghala, hakuweza kutoka. Mzee akanigongea, akaniomba nimpeleke hospitali ya wanyama na nimsaidie Kiingereza. Nilitandika shuka la zamani kiti cha nyuma, tukaenda.

Daktari alikuwa dada wa makamo, mtaratibu. Alimsikiliza mbwa kifua kwa muda mrefu, akamtoa damu, akampiga picha. Aliporudi alikaa kwenye stuli mbele yetu akaanza kueleza, na mimi nikaanza kutafsiri.

Hapo ndipo nilipokwama. Kazi yangu ilikuwa kuhudumia wazee majumbani, huko Annandale, na Kiingereza cha vidonge na vitanda nilikuwa nacho. Lakini daktari alikuwa akizungumzia homoni na vimeng'enya. Baiolojia ya sekondari tulisomeshwa kwa Kiingereza, na neno kimeng'enya mara ya mwisho nililisikia shule ya msingi, katika somo la mate na jinsi yanavyosaga ugali. Nikalitumia hivyo hivyo. Mzee akauliza ni kitu gani. Nikamwambia ni kitu ndani ya mwili kinachokatakata chakula. Akatazama tumbo la mbwa, akauliza kumbe ugonjwa ni wa tumbo. Nikamwomba daktari aanze upya, aende polepole.

Akaanza upya. Ndani ya moyo kuna vilango vya kuzuia damu isirudi nyuma. Kilango kimoja cha mbwa huyu kilikuwa kimechakaa kwa uzee, hakifungi vizuri, na kila moyo unapopiga, damu nyingine inarudi ilikotoka. Figo zinaona damu inayozifikia imepungua. Hazijui habari ya kilango. Zinadhani mbwa amejeruhiwa na anavuja damu, au ana kiu na hakupata maji. Basi zinamwaga kimeng'enya kwenye damu, nacho kinakata kitu kinachotoka kwenye ini, kisha kimeng'enya kingine, ambacho kwa wingi kiko kwenye mapafu, kinakikata tena kile kilichokatwa. Kinachobaki ni homoni kali. Inabana mishipa, tena inakwenda kuamsha homoni nyingine, inayoziambia figo zishike chumvi na maji, zisiachie. Maji yanaongezeka, mishipa imebanwa, na moyo uliokwisha kuchoka unazidishiwa mzigo. Mwishowe maji yanapenya mapafuni.

Nilitafsiri kwa vipande, nikirudi nyuma mara kwa mara. Mzee alinisikiliza amekunja uso. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, kama mwili hauna mtu wa kuuambia kwamba umekosea. Nikampelekea daktari swali lake. Daktari akasema yupo, na ni moyo wenyewe. Moyo ukivutwa na kujaa kupita kiasi hutoa homoni yake, ya kuziomba figo ziachie maji. Ndiyo aliyoipima katika ile damu, na ilikuwa juu sana. Moyo ulikuwa umekwisha kuomba kwa muda mrefu, alisema, ila zile homoni nyingine zimeushinda nguvu.

Sikuweza kuitafsiri sentensi ile mara moja. Nilimfikiria mama yangu.

Mama alifariki Tanga nikiwa huku. Mwaka wake wa mwisho nilimsikia kwenye simu tu. Miguu imevimba, viatu haviingii. Halali tena chali, analala ameegemea mito, na mwishoni alilala amekaa kitini. Kaka alisema ni presha, shangazi akasema ni kijicho cha watu. Kila aliyekuja kumwona alimhimiza anywe maji kwa wingi na supu yenye chumvi, apate nguvu, na mimi pia nilimhimiza, kwa sababu nani angejua? Alizikwa siku ile ile aliyokufa, kama ilivyo desturi yetu, mimi bado natafuta tiketi. Hakuna mtu aliyewahi kuketi mbele yetu kwenye stuli akatueleza nini kilikuwa kinafanyika ndani ya mama. Nikaja kuelezwa kwenye chumba chenye harufu ya mbwa, huku mzee wa watu amenikodolea macho akisubiri neno.

Nikamwambia, "Papa, moyo umelia sana kuomba msaada. Haukusikika."

Aliweka kiganja juu ya kifua cha mbwa.

Tulitoka na dawa za aina tatu. Moja ilikuwa ya kukizuia kile kimeng'enya cha pili kisifanye kazi yake, moja ya kumkojoza, moja ya kuutia moyo nguvu. Daktari alisema haziponyi, zinampa muda tu. Akamfundisha mzee kutazama mbavu za mbwa akiwa usingizini, na akiona pumzi zimekuwa za haraka alete taarifa. Mzee aliishika kazi ile kama ibada. Mara nyingi nilimkuta cherehani imesimama, yeye ameketi sakafuni, midomo ikihesabu kimya.

Na muda kweli aliupata. Kikohozi kilipungua, mbwa akarudia kulala ubavu, majira ya kuchipua yakafika na Jumapili zikaendelea. Mbwa hakuweza tena kukimbilia mpira, basi watoto walimviringishia taratibu, naye akausukuma kwa pua. Mjukuu mkubwa alimwuliza mama yake kwa Kiingereza kama mbwa atakufa. Mama yake akamtupia macho babu. Babu, ambaye neno lile la Kiingereza alilijua, akajifanya hakusikia.

Jioni moja akiwa anapunguza urefu wa gauni langu, akaniambia jambo ambalo nadhani alikuwa amelibeba siku nyingi. Alisema watoto wale hawaji kwake, wanakuja kwa mbwa. Hakulisema kwa lawama. Alisema watoto ni watoto, na yeye hana hadithi wanayoweza kuisikiliza hadi mwisho. Nilimbishia, nikamwambia damu ni nzito. Akatabasamu, akaendelea kubana pini kwenye pindo.

Joto la kiangazi lilipokolea, dawa zikashindwa. Ilikuwa Alhamisi, sina zamu. Nilisikia mlango ukigongwa, nikamkuta mzee amembeba mbwa kifuani, ulimi wake umegeuka rangi, mdomoni ana povu. Safari hii sikutandika shuka. Nilimpokea mbwa nikampakata ili mzee apande gari, na baibui langu likalowa, wala sikuliwazia.

Daktari alikuwa yule yule. Alimwekea mbwa hewa ya oksijeni ndani ya kizimba cha kioo, akamchoma sindano ya kutoa maji, akatuita pembeni. Alisema anaweza kumshikilia hivyo siku mbili tatu, pengine, lakini mbwa atakuwa anateseka. Au anaweza kumlaza kwa sindano, asisikie kitu. Nilimtafsiria mzee bila kupunguza neno, kisha nikampigia simu binti yake. Binti alikuwa kazini, analia. Alisema watoto hawako, wamekwenda kambi ya kanisa na watarudi Jumamosi, aliuliza kama mbwa hawezi kufikishwa Jumapili tu wamuage. Nikamweleza mzee.

Alisimama akimtazama mbwa nyuma ya kioo, mbwa ametanua miguu, shingo ameinyoosha vile vile. Nilijua anachokipima. Jumapili moja zaidi ilikuwa kitu kikubwa kwake.

"Hapana," akasema. "Eko nazama mu mayi. Tusimungojeshe."

Anazama majini, tusimngojeshe. Nikamwambia daktari.

Walimwachia amshike. Alimwimbia kitu kwa lugha ya kwao, si Kiswahili, sauti ya chini, mkono ukiwa juu ya kifua, mpaka mkono haukuhisi kitu tena. Mimi nilisimama mlangoni. Nililia kwa namna ambayo sikuwa nimelia nilipopigiwa simu ya Tanga, na daktari akanishika bega, akidhani ni kwa ajili ya mbwa. Ilikuwa ni kwa ajili ya mbwa pia.

Wiki ile nilimpigia kaka, nikamweleza yote, figo, chumvi, homoni. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Kwa hiyo hakurogwa." Nikasema hakurogwa. Tukakaa kwenye simu, nasikia adhana ya kwao kwa mbali.

Watoto walikuja Jumapili ile, wakalia, wakamkumbatia babu yao. Wakaja iliyofuata. Halafu mkubwa akawa na mechi za mpira, mama yao akabadilishiwa zamu, na Jumapili zikaanza kuruka. Mzee alivuta kiti chake nje kwenye nyasi zile zile hata siku ambazo aliambiwa hawaji. Nikiwa nyumbani nilichukua kiti changu nikakaa naye. Tuliongea habari za nguo, za bei ya mihogo, za kule kwao na kwetu, maneno yakigongana kama kawaida.

Kabla ya baridi kurudi binti yake alimhamishia Oxon Hill, kwa kuwa hakupenda akae peke yake. Nilimsaidia kufunga mizigo. Cherehani ilipotolewa, palibaki kwenye zulia mahali palipochakaa, na manyoya meupe yaliyokwama ambayo ufagio ulishindwa kuyatoa. Mzee alipiga magoti akayachomoa kwa vidole, akayatia mfukoni mwa shati.

Tunapigiana simu. Husema watoto ni wazima, wako chumbani kwao, wamefunga mlango.