Picha za Kijivu Ndani ya Nyumba ya Upinde

Ukitaka kufika kwa Mama Sogea, usiulize namba ya nyumba. Uliza tu nyumba ya rangi nyingi, hata mtoto wa chekechea atakupeleka. Mume wake ni fundi rangi, na mtaa mzima unamwita Upinde, kama upinde wa mvua. Jina hilo kalitolea jasho. Akimaliza kazi ya watu, rangi inayobaki anakuja nayo nyumbani, hata iwe robo kopo. Yaani kumwaga rangi kwake ni dhambi. Sebule ni machungwa, ilitoka kwenye mgahawa. Chumba chao cha kulala ni bluu ile ya bwawa la kuogelea, na kweli ilitoka kwenye bwawa la kuogelea. Jiko ni njano ya shule ya watoto wadogo. Korido ni zambarau, ila zambarau ilimwishia njiani, kwa hiyo kuanzia kwenye swichi kwenda mbele ni pinki. Ukipita hapo na usingizi unaweza kudhani umevuka mpaka.

Mama Sogea mwenyewe ni msusi. Jina wamempa wateja, maana ukikaa kwenye kiti chake utasikia neno hilo mpaka uliote: "Sogea kidogo, mama. Sogea. Hapo hapo, usitikisike." Saluni yake ni ndogo, ila kelele zake sio ndogo. Draya zinanguruma, redio inaimba, wateja watatu wanasimulia harusi moja kwa wakati mmoja na kila mmoja ana harusi yake. Nywele za kijani zinaning'inia huku, za dhahabu kule, nyekundu zimemwagika chini. Jioni akitoka pale, macho yamechoka kuliko miguu. Anatembea anasema moyoni, sasa naenda kupumzika. Anafungua mlango, paa! Machungwa ya uso.

Alivumilia sana, maana Upinde anampenda na rangi zake anazijua tangu uchumba. Ila asubuhi moja ya mapumziko, kajilaza zake anatazama ukuta wa bwawa, likamjia wazo likamwamsha kabisa. Humu ndani kila ukuta umechaguliwa na mtu mwingine. Mwenye mgahawa kachagua sebule. Mwalimu mkuu kachagua jiko. Yeye, mwenye nyumba, hajachagua hata pa kuweka kidole.

Akainuka, akaenda mezani, Upinde anakunywa chai.

"Baba watoto, nataka kuchagua kitu humu ndani."

"Chagua tu, mke wangu. Nina kijani nusu ndoo, ya benki ile. Safi kabisa."

"Sio ukuta. Kuta ni zako, sizigusi. Mimi nataka picha za kutundika. Kila chumba na yake. Za kijivu."

Upinde akashusha kikombe taratibu, kama mtu aliyesomewa majibu ya daktari.

"Za nini?"

"Za kijivu."

"Mke wangu, kijivu sio rangi. Kijivu ni praima! Ile unapaka kwanza ili rangi yenyewe ishike. Ukitundika kijivu ukutani unawatangazia watu kwamba fundi bado hajamaliza kazi. Mimi nitaiweka wapi sura yangu?"

Mama mkwe, yaani mama yake Upinde, anayeishi nao na kochi la dirishani ni mali yake, akadakia hapo hapo: "Kwani nani kafa?"

"Hajafa mtu, mama."

"Basi kijivu cha nini asubuhi yote hii?"

Wakavutana mpaka chai ikapoa. Mwisho wakakubaliana hivi: Mama Sogea alete picha zake, zitundikwe, zikae mpaka Jumapili inayofuata. Muuza picha, ambaye mke wake anasukwa pale pale saluni, alishasema zikikataa nyumba atazipokea. Jumapili ikifika Upinde na mama yake hawajazikubali, zinarudi zote, na habari ya kijivu inazikwa siku hiyo. Mama Sogea akasema sawa kwa mdomo mwepesi. Ila alijua hili likimshinda, hatapata tena nguvu ya kuuliza.

Kesho yake akaenda kuchagua. Jamani, kumbe kijivu kina ukoo mkubwa! Kipo cha jiwe, cha moshi, cha njiwa, kipo kingine kinaringa kama fedha. Muuza picha akawa anamwekea moja moja chini ya taa, yeye anazibeba anazipeleka mlangoni.

"Dada, unaniibia au?"

"Nakwepa taa yako. Mimi rangi ya nywele sijawahi kumchagulia mtu ndani, lazima nimtoe juani nimwone."

Kwa watoto alichukua tembo anayejimwagia maji. Kwa jikoni, birika lililochorwa kwa penseli na mvuke wake, dogo, lina kioo, mafuta yakiruka unafuta. Kwa chumbani, matone ya mvua kwenye dirisha. Korido akaiacha, korido ina ugomvi wake tayari. Halafu akaona ile ya sebuleni, na hapo moyo ukagoma kutoka. Ilikuwa kubwa, imechorwa juu ya plaiwudi, haina fremu wala kioo. Ukungu mtupu. Ukiiangalia haraka unasema hakuna kitu hapa. Ukitulia nayo, chini unaona mstari mwembamba, kama ng'ambo ya ziwa alfajiri. Mama Sogea alisimama mbele yake mpaka mteja mwingine akamwomba njia. Ila ilikuwa bado haijakauka vanishi, akaambiwa aifuate Jumamosi.

Basi wiki ikaanza, na nyumba ikageuka bunge. Tembo alipita bila kupingwa, maana tembo ni kijivu tangu kuumbwa, utamlaumu nani? Birika likaleta mjadala. "Mvuke nauona, chai siioni," akasema mama mkwe, lakini Jumatano alikutwa kasimama mbele yake na kikombe mkononi, akasema eti anatafuta sukari. Mvua ya chumbani ndiyo iliyopata shida. Ukweli ilipotundikwa, lile bwawa la ukutani lilitulia ghafla, likawa kama limefungwa kwa siku hiyo, watu wote wameenda makwao. Mama Sogea akalala fofofo. Upinde yeye akageukia upande wa pili, akajifunika mpaka kichwani.

"Inanipa baridi," akasema ndani ya shuka.

"Ni picha, Upinde."

"Ndiyo. Picha ya baridi."

Kwa hiyo kura zilikuwa nusu kwa nusu, na Mama Sogea matumaini yake yote kayapakia kwenye ukungu wa sebuleni. Huo ndio ungewamaliza.

Jumamosi mchana akachomoka saluni mbio mbio, akaubeba ukungu wake mpaka nyumbani. Sebuleni mama mkwe ana wageni, naye Mama Sogea hataki kuwapitia vichwani na mbao kubwa vile, basi akazunguka nyuma, akauegemeza barazani, akarudi kazini, maana kuna bibi harusi kamwacha nusu kichwa.

Sasa, kitu alichosahau. Wiki hiyo Upinde alikuwa anamsubiri seremala alete mlango mpya wa kabati la jikoni. Na huyo seremala ana tabia yake: mbao zake anazileta zimeshapakwa praima ya kijivu, anaziegemeza baraza ya nyuma, anaondoka bila hodi.

Jioni Mama Sogea anarudi, anasikia mluzi tangu getini. Upinde akipiga mluzi ujue kuna kitu kakimaliza.

"Mama watoto, njoo! Njoo uone mlango wa kabati lako!"

Akaenda nyuma. Ubao umelazwa juu ya ndoo mbili, unang'aa machungwa kama jua linalozama. Umepakwa mkono wa kwanza, mkono wa pili, kona zote safi.

"Seremala safari hii kajitahidi," Upinde anaendelea, mikono kiunoni. "Praima ilikuwa laini! Nimeipiga msasa kidogo tu, ikakubali. Ila kapima vibaya, ni kubwa, itabidi nikate hapa na hapa."

Mama Sogea akakaa kwenye ngazi, mkoba bado begani. Na Upinde anamjua mke wake, akipiga kelele mambo ni mazuri, akinyamaza ukimbie.

"Nini tena? Ulitaka njano?"

"Huo sio mlango."

"Ni nini?"

"Ni ukungu."

Upinde akautazama ubao. Akamtazama mkewe. Akautazama tena.

"Ukungu wangu wa sebuleni," akasema Mama Sogea. "Kitu kimoja, Upinde. Kitu kimoja nilichagua mwenyewe, na wewe umekipiga msasa."

Mama mkwe akatoa kichwa dirishani. "Nilimwambia aulize kwanza! Akasema fundi haulizi!"

"Mama, ingia ndani tafadhali."

"Niingie wapi? Hapa ndiyo naona vizuri."

Upinde sio mtu wa kuomba msamaha kwa maneno mengi, mkono wake ndio unaongea. Akavua kofia, akasema, "Nitakurudishia. Kijivu ni kitu gani? Nyeupe, nyeusi kidogo, unakoroga, umemaliza. Hiyo ni kazi ya mwanafunzi."

Akakoroga. Mama Sogea akachungulia. "Hiyo ni lami."

Akaongeza nyeupe. "Hiyo sementi."

Akaongeza tena. Mama mkwe dirishani akasema, "Hayo maji ya kuoshea vyombo." Na ilikuwa kweli. Kila akijaribu kwenye kipande cha mbao, kinakaa kimekufa, kikali, hakina hata chembe ya kile kijivu laini cha ukungu. Giza likaingia, Upinde kakaa katikati ya makopo anakuna kichwa. Miaka yote hiyo kazini, kijivu amekuwa akikinunua kimeshakorogwa dukani. Hajawahi hata siku moja kukaa akafikiri kinatoka wapi.

Asubuhi ya Jumapili Mama Sogea alimkuta pale pale barazani, anakoroga kopo jingine, chai yake pembeni imeota ngozi juu. Alikuwa amepanga kununa mpaka saa sita. Ikamshinda. Akakaa karibu.

"Hebu nikuulize. Mteja wangu akitoka kwenye blichi na nywele za machungwa, namfanyaje?"

"Unafunga duka unakimbia?"

"Nampaka dawa ya bluu, mpumbavu wewe." Akacheka mwenyewe. "Bluu inaua machungwa. Inatulia, inakuwa kama majivu. Lete ya sebuleni hapa. Lete na ya chumbani."

"Machungwa na bluu? Zikutane? Zitapigana!"

"Ziache zipigane. Wewe lete."

Upinde akamwaga machungwa kwenye trei, akaangusha bluu ya bwawa kidogo kidogo, mkewe anakoroga kwa kijiti. Kwanza ikatoka tope, mama mkwe akaguna dirishani. Bluu nyingine. Nyeupe. Na polepole, mbele ya macho yao, ikaja. Kijivu chenye joto ndani, kama manyoya ya tumboni kwa njiwa. Upinde akaacha mdomo wazi.

"Kumbe sebule yangu imo humu!"

"Na bwawa lako limo."

"Mama! Njoo uone, zote zimo!"

Ubao ulikuwa umekauka. Upinde akapaka kwa rola, taratibu, huku juu akififisha kwa nyeupe, huku chini akikoleza, na Mama Sogea anafuata nyuma na kitambaa chenye maji anapangusa hapa na pale mpaka ukungu ukaanza kupumua. Mstari wa chini, Upinde akashika brashi ndogo.

"Acha hiyo," akasema Mama Sogea. Akachomoa kichana chake cha mkia kwenye mkoba, na kwa ile ncha anayogawia nywele kichwani kwa watu, akavuta mstari mmoja toka ukingo mpaka ukingo. Machungwa ya chini yakachungulia kidogo tu pale ncha ilipopita, kama jua linaloomba ruhusa.

Mchana ukungu ukatundikwa kwenye ukuta wa sebuleni. Na huwezi kuamini, ukuta ule wa mgahawa ulioonekana unapiga kelele, sasa ulionekana unanong'ona. Mama mkwe akahama kochi lake la dirishani, akaja kukaa mbele ya picha, mikono mapajani.

"Sasa huu ndio ukungu," akasema, utadhani alizaliwa nao. "Ule wa kwanza ulikuwa mlango."

Mama Sogea akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu kicheko kikamwisha, akakumbuka. Akamgeukia mume wake.

"Leo Jumapili."

"Najua."

"Na zile nyingine? Muuza picha anafunga saa kumi."

Upinde akachukua nyundo mezani, akatia misumari miwili mdomoni, akaelekea chumbani. Mama Sogea akamfuata mbio, moyo juu, akamkuta kasimama mbele ya mvua yake, kichwa kainamisha upande mmoja, anapima kwa jicho.

"Msumari mmoja hautoshi kwa hii," akasema, maneno yakipita kati ya misumari. "Tangu Jumatatu imekaa kwa kupinda. Shika huko chini, na wewe ndiye utasema ikae wapi."